Ami, Shangazi na Maganda ya Shaba

Hapa Ibra, Oman, kuna maduka ya kila kitu. Ukitaka viatu vya kumvisha ngamia, nadhani utapata, na rangi utachagua mwenyewe. Kitu kimoja tu hakikupatikana, toka Ibra mpaka Sur, toka Sur mpaka Nizwa, nacho ni risasi za bunduki ya babu yangu. Na kwa kuwa hazikupatikana, ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ndizo alizozitaka.

Bunduki yenyewe ni ya mitutu miwili, ya marisau, zile punje ndogo za kupigia ndege. Babu aliitumia Pemba kufukuzia kunguru na, kwa maneno ya ami, kufukuzia hata wanaume wazima. Mdomo wake una upana ambao viwanda vya dunia vimekwisha kuusahau. Lakini pamoja na bunduki, babu aliacha maganda ya shaba, machache, ya aina ambayo ukishapiga huyatupi. Unayaokota, unayaosha, unayajaza tena nyumbani kama chupa za achari. Babu aliacha na vyombo vyake vya kujazia, ndani ya kisanduku cha mti ambacho mpaka leo ukikifungua kinanuka karafuu. Watu wengine hurithi mashamba.

Sasa kwa wasiojua harusi za huku. Bwana harusi akija na watu wake, hupiga bunduki hewani wakiwa bado hawajafika mlangoni: baruti tupu, bila punje ndani, kwa kibali cha polisi. Na nyumba ya bibi harusi hujibu. Asiyejibu hafungwi. Husemwa tu kwamba nyumba ile haina mwanamume, na maneno hayo huishi mpaka wajukuu zake waoe. Harusi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya binti wa ami, wa pekee, na waoaji walikuwa watu wa Nizwa, ambao huzaliwa wakiwa na jambia kiunoni.

Tulikwenda Nizwa, mimi na ami, siku ya Ijumaa asubuhi, kutafuta risasi kwenye soko la bunduki kuukuu. Pale tukakutana na nani? Na ami wa bwana harusi, mzee mrefu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, begani amebeba bunduki iliyovishwa pete za fedha kutoka kitako mpaka mdomo. Ile bunduki ilikuwa na mapambo kuliko bibi harusi tuliyekuwa tunamuoza. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watu, mifugo na mvua, kisha yule mzee akaichukua bunduki ya babu, akachungulia ndani ya mtutu, akaipima mkononi.

"Mashaallah," akasema kwa Kiarabu chao kile cha taratibu. "Hii ya kupigia njiwa?"

"Ya baba yangu," ami akajibu.

"Allah amrehemu. Wazinjibari mna mambo mazuri. Pilau yenu hatuiwezi." Akairudisha kama mtu anayerudisha kijiko. "Sasa sikiliza, ndugu yangu. Siku ile, ikiwa shida, wewe usijisumbue. Mimi nitapiga ya upande wetu, halafu nitapiga na ya upande wenu. Sisi sote watu wamoja, au siyo?"

Ukarimu gani huo! Ami alitabasamu mpaka garini. Alipofunga mlango, tabasamu likaisha.

"Amesema atapiga yangu," akaniambia. "Umemsikia? Nyumbani kwangu. Mbele ya binti yangu. Atapiga yangu!"

Kutoka Nizwa mpaka Ibra nilihesabu ngamia, na njia ile si fupi.

Kuanzia siku ile majlisi ya ami, chumba chake cha wageni, ikageuka karakana. Nami nikaajiriwa bila kuulizwa, kwa sababu mimi ndiye msomi wa ukoo. Nilimaliza sekondari kwa masomo ya usiku nikiwa na ndevu, na mwalimu mmoja alikuwa akisahau, ananiamkia shikamoo. Toka nipate cheti kile, chochote chenye maandishi nyumbani kwetu huletwa kwangu: vidonge vya presha, mashine ya kufulia, na sasa kopo la baruti. Nilisoma kopo lile lote. Kwa ufupi lilisema usiwe mjinga. Ami akaniambia nirudie, pengine kuna jengine.

Akanitaka pia nimtafutie video kwenye simu. Tukamwona mzungu mmoja ana mashine ya meza nzima: anavuta mkono huku, risasi inatoka kule imekwisha kuvaa. Ami akaitazama kama anavyotazama pilau ya hotelini.

"Huyu hajazi risasi," akasema. "Huyu anakamua machungwa."

Yeye alikuwa na kisanduku cha babu. Akatandika kitambaa cheupe, akapanga: kigingi cha kung'olea fataki iliyokwisha kupigwa, ile kofia ndogo kitakoni mwa ganda inayopasuka ikigongwa, kijiko cha shaba cha kupimia baruti, kijiti cha mti cha kushindilia, visahani vya karatasi ngumu vilivyokatwa sawa na mdomo wa ganda, sufi, na kipande cha nta cha kuzibia juu. Daktari wa moyo hana heshima ile kwa vyombo vyake. Kila ganda alilipiga kwa ukucha, akalisikiliza, akalitazama juani lisije likawa na ufa. Nikimuuliza jambo, jibu moja tu: "Baba alifanya hivi." Ndiyo elimu yenyewe, wala haikuhitaji cheti.

Na masharti! Simu nje. Chuma juu ya chuma, marufuku. Kuzungumza wakati wa kupima, marufuku. Na sharti lililokuwa zito kuliko yote, la kurudiarudia mpaka nikaliota: bunduki ikinyamaza, usiiteremshe. "Ukivuta mtambo isilie, we iache palepale juu, mdomo mbinguni. Hesabu pole pole, subiri. Mwenye haraka hufumua paa." Alinifundisha sharti hili asubuhi, akanifundisha tena alasiri, akanifundisha huku tunakula. Nilikuwa naitikia marahaba, ami, najisemea moyoni, huyu anadhani nitaishika hiyo bunduki, mimi ninayeogopa jiko la gesi.

Shida ikaingia na dada yake ami. Shangazi anakaa nyumba ileile, na kazi yake duniani ni kuhakikisha kila kitu kinanukia. Nguo, mito, wageni, hata gari ya kukodi. Maganda ndiye aliyeyasugua, kwa ukwaju na majivu kama masufuria ya zamani, akayaanika juani yakang'ara mpaka ungeweza kunyolea ndevu. Ami akamshukuru. Hapo ndipo alipokosea, maana Shangazi akiona ameshukuriwa hujiona mshirika. Kesho yake akaingia majlisini na chetezo chake, makaa mekundu, moshi wa udi unapanda, anakuja moja kwa moja kwenye kitambaa cheupe chenye kopo la baruti.

Sijapata kumwona ami akiruka. Yeye na magoti yake yale! Aliruka kama mbuzi wa mlima wa Jabal Akhdar.

"Toa! Toa hicho! Unataka tuzikwe kwa vijiko?"

"Kelele za nini? Nataka kuvifukiza. Kila kinachokwenda harusini kinafukizwa."

"Moto na baruti, dada! Moto na baruti!"

"Ah, basi waje watu wa Nizwa, nyumba inanuka mafuta ya bunduki, wadhani tunamuoza fundi wa gereji."

"Moto hauingii hapa. Khalas. Mpaka harusi iishe."

"Moto hauingii," Shangazi akarudia, kwa ile sauti yake ya mtu anayeweka akiba. Akatoka na chetezo chake, na mimi, kwa usomi wangu wote, nikadhani mambo yamekwisha.

Tukajaza. Tulipomaliza, ami akatoa risasi moja ya majaribio, tukaenda nayo bondeni nje ya mji, mahali pasipo na mtu. Akaelekeza mbinguni, akavuta. Ewe! Mlio ule nina hakika waliusikia Sur, na kasa wa Ras al Jinz wakarudi baharini na mayai yao. Punda mmoja alinikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemwudhi. Ami akaokota ganda lake, akalipuliza, akaliweka mfukoni. Nilikuwa sijamwona ametembea vile, kifua mbele, tangu astaafu.

Siku ya harusi ikafika. Haya yafuatayo Shangazi ameyasimulia mwenyewe, mara nyingi, tena kwa fahari. Alasiri, ami alipokwenda kuoga, sinia la risasi lilikuwa limefunikwa kitambaa juu ya meza, karibu na masinia ya nguo za bibi harusi. Shangazi alikuwa anapita na mrashi wa fedha, ananyunyizia kila sinia. Ndani ya mrashi mlikuwa na marashi mazito ya waridi ya Jabal Akhdar, zawadi ya waoaji wenyewe, kutoka mlimani kwao. Akafika kwenye risasi. Akawaza. Ami alisema moto hataki. Maji si moto. Akanyunyiza. Halafu, kwa kuwa zilikuwa ndogo na asije akaonekana bahili, akanyunyiza tena.

Magharibi haijaingia, tukasikia bunduki za Nizwa mwisho wa mtaa. Ta! Ta! Ta! Bunduki nyingi, watu wengi, ngoma, mashairi, panga zinarushwa juu na kudakwa. Wanawake wetu wakajaa dirishani na juu ya dari. Binti wa ami mwenyewe, katika mavazi yake ya kijani, alikuwa nyuma ya pazia. Nililiona lile pazia likitikisika. Wageni wakasimama mbele ya geti. Ngoma ikanyamaza. Zamu yetu.

Ami akatoka. Joho, jambia, bunduki ya babu. Akatia risasi mbili, akafunga, akainua mdomo mbinguni, akavuta mtambo wa kwanza.

Tik.

Alaa! Ule ulikuwa mlio wa mtu anayevunja njugu. Akavuta wa pili.

Tik.

Mtaa mzima ukawa kimya, kimya kile cha watu wenye adabu sana, ambacho ni kibaya kuliko kicheko. Nilisikia mtu nyuma yangu akikohoa kwa niaba ya bunduki. Yule mzee wa Nizwa, ami wa bwana harusi, akasogea mbele taratibu, uso umejaa huruma ya kuudhi. Akainama kidogo.

"Maalesh, ndugu yangu, si neno. Maalesh. Si tulishaafikiana? Ngoja mimi." Na ile bunduki yake yenye pete za fedha ikaanza kuteremka kutoka begani.

Ami hakugeuka. Bunduki alikuwa ameishika palepale, mdomo mbinguni, jasho linamchuruzika mpaka ndevuni, na midomo inacheza. Nikajua anahesabu. Loo, nilitamani ardhi inimeze, mimi na cheti changu. Pazia lilikuwa limetulia kabisa.

"Ami," nikamnong'oneza, "iteremshe, basi, watu wanatazama..."

"Nyamaza," akasema.

Mzee wa Nizwa akaegemeza kitako cha bunduki yake begani. Akainua mdomo.

Buuuum!

Na kabla hatujarudi ardhini, mtutu wa pili wa bunduki ya babu: Buuuum! Mzee wa Nizwa alishuka nusu ya urefu wake. Madirisha yakaimba. Moshi mweupe ukatoka, mwingi kuliko moshi wowote nilioujua, ukapanda, ukabadili mawazo, ukatushukia sote vichwani, wao na sisi. Na moshi ule ulikuwa unanukia waridi. Wallahi waridi! Waridi la kuungua kidogo, kama mtu aliyemwaga marashi jikoni, lakini waridi. Vigelegele vikapasuka dirishani, na cha kwanza kilitoka nyuma ya lile pazia, jambo ambalo bibi harusi haruhusiwi kulifanya, na ambalo wanawake wote mpaka leo wanalikana kwa niaba yake.

Mzee wa Nizwa akabaki na bunduki yake juu, haijalia. Akaiteremsha. Akavuta pumzi ya puani, akavuta tena.

"Hii harufu," akasema. "Hii ya kwetu. Ya Jabal."

Nilimwona ami akielewa kilichoilowesha baruti yake. Macho yalimzunguka polepole mpaka dirishani, yakamkuta Shangazi, na mrashi wake mkononi kama mtu aliyekamatwa na kisu. Kwa nukta moja nilidhani kutakuwa na msiba ndani ya harusi. Kisha ami akaikunja bunduki, akayatoa maganda yanayofuka moshi, akamgeukia mgeni wake na uso mtulivu kama wa kadhi.

"Ya kwenu," akasema. "Huku kwetu mgeni tunampokea kwa harufu ya kwao. Na tunaichelewesha kidogo, ili ateremshe bunduki yake kwanza."

Yule mzee akamtazama. Akaanza kucheka, tumbo lote, akamkumbatia na jambia zikagongana, akamshika mkono wakaingia ndani pamoja, na ngoma ikarudi.

Baada ya chakula Shangazi alisimama mlangoni akingojea kufokewa, amejipanga na majibu yake yote. Ami akapita mbele yake. "Mjinga wewe," akasema, akampa ganda moja la shaba. Shangazi amelitia udi. Liko kabatini kwake, na kila mgeni huonyeshwa.

Wiki chache zilizopita ndugu yake bwana harusi alitangaza kuoa huko Nizwa, na yule mzee amepiga simu mwenyewe: ami aje apige, upande wa waoaji, na aje na baruti ileile. Basi kitambaa cheupe kimetandikwa tena, simu zimetolewa nje, nami nimesomeshwa kopo kwa mara nyengine, pengine limebadili maoni. Jana alasiri, tulipomaliza kuziba nta, Shangazi akatokea mlangoni na mrashi, hakuingia, akasimama tu akitazama dari.

Ami hakunyanyua uso. Alikuwa anahesabu maganda. Lakini mkono wake mmoja ulilisukuma sinia, taratibu, mpaka ukingo wa meza, upande wa mlango.

"Kidogo," akasema. "Na fataki usiziguse."