Mchumba Wangu Aliombea Safari Yetu ya Gyeongju, Kumbe Alikuwa Anatorosha Watu

Admin, tafadhali ficha jina langu na hospitali ninayofanyia kazi, maana hapa Doha Wakenya tunajuana sana. Majina nitakayotaja si yao ya kweli.

Mimi ni nesi, nina miaka thelathini na tatu, naishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na huu ni mwaka wangu wa sita. Nilikuwa na mchumba, nimwite Eliud. Anafanya kazi ya kompyuta kwa ofisi fulani na ndiye kiongozi wa maombi kwenye ushirika wetu. Wazee wake walishafika kwetu Kakamega na wakapokelewa vizuri. Siku hizi nikisikia sauti ya huyo mtu akiomba, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Mwaka jana nilimhudumia mzee mmoja Mkorea aliyelazwa wodini kwetu wiki nyingi. Alikuwa akinionyesha kwa simu mji aliozaliwa, unaitwa Gyeongju. Zamani ulikuwa makao ya wafalme, na makaburi yao yako hapo katikati ya mji, makubwa kama vilima, yamefunikwa na nyasi, watoto wanapita kando wakienda shule. Sasa mimi maisha yangu hapa ni wodi, basi la kazini, kitanda. Nikajiambia nikipata siku nne za mapumziko nitaenda kuuona huo mji, hata kama ni wikendi moja tu. Nilinunua daftari. Niliandika treni ya kutoka uwanja wa ndege, saa ya kupanda mlimani kwenye hekalu, na mahali pa kukaa jioni tuone taa za kasri la kale zikiwaka juu ya bwawa. Miezi kadhaa nilikuwa nikitoka shifti nimechoka, nasoma hilo daftari, nalala nikitabasamu.

Eliud nilipomweleza alinishika mikono tukaiombea safari. Akasema tusiende wawili tu, tuchukue dada wawili wa ushirika ambao hawajawahi kutembea popote, na mimi niandikwe kiongozi wa kikundi kwa sababu barua ya nesi ina uzito ubalozini. Niliona ana moyo mzuri. Nikampa barua ya kazi, nakala ya kitambulisho changu na ile ratiba yote, neno kwa neno.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko hapa, baada ya ibada kwenye makanisa ya Abu Hamour, mmoja wa hao dada, Nekesa, anayesafisha vyumba kwenye hoteli moja ya kisiwa cha The Pearl, alinivuta kando. Nilidhani anataka kuuliza habari ya baridi, maana nilikuwa nimewaambia wabebe sweta nzito. Akauliza polepole:

"Dada, tunapotea kabla ya kufika kwa hayo makaburi ama baada?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia Eliud aliwaeleza kwamba kuna mtu atawangoja na gari kwenye kituo cha treni awapeleke kiwandani kufanya kazi bila karatasi, na kwamba mimi najua kila kitu. Kila mmoja alikuwa ameshampa Eliud pesa za "shukrani".

Nilienda kwake mchana huohuo. Nilitegemea akatae, au angalau ashtuke. Alikuwa anakula chapati na mchuzi wa mbuzi, na hakuacha kula. Alinieleza yote huku akilamba vidole, mafuta yakimng'aa kwenye midomo, kana kwamba ananielekeza kituo cha basi. Akasema hiyo ni kusaidia watu. Mimi ningerudi tu na kusema walipotea sokoni, kwani nani atamshuku nesi? Nikamuuliza, na yale maombi? Akasema alikuwa anaomba mlango ufunguke, na ulikuwa unafunguka. Halafu akanitazama kwa huruma na kusema:

"Kwani wewe kweli ulidhani mtu mzima anaweza kupanda ndege aende kutazama makaburi ya watu asiowajua?"

Hapo ndipo nilijua kwamba zile jioni zote nilizomsomea daftari langu, alikuwa akinicheka moyoni. Nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili. Mikono aliyokuwa akinishika tukiomba niliisugua kama ninayejiandaa kuingia chumba cha upasuaji.

Kesho yake nilimwandikia wakala wa safari aliyekuwa akishughulikia viza zetu nikaondoa barua yangu, na ombi zima la viza likaanguka. Pete nilimrudishia. Yeye amewaambia watu wa ushirika kwamba nilivunja uchumba kwa kiburi, na mama yangu bado anangoja nimweleze. Kinachoniuma zaidi ni Nekesa. Ana watoto wawili Bungoma na mkataba wake unaisha karibuni. Alikuja kwangu akalia, akaniambia, "Wewe una kazi ya kurudia. Mimi nilikuwa na hiyo wikendi tu."

Sasa juma lililopita nesi mgeni kazini kwetu, msichana aliyefika Doha juzijuzi, amenionyesha kwa furaha safari ambayo Eliud anampangia yeye na dada wengine wa ushirika. Ni ratiba yangu. Hata mahali nilipoandika kwamba tukae kimya kidogo bwawani hajapafuta. Na msichana huyu ndiye ameandikwa kiongozi.

Nikisimama mbele ya ushirika niseme, jina la Nekesa litatoka, na hoteli ikisikia itamrudisha nyumbani kabla ya mkataba kuisha. Nikimnong'oneza huyu msichana peke yake, Eliud atatafuta mwingine. Nikinyamaza, nitakuwa najua anaombea nini kila mara ninapomsikia akisema amina.

Matusi wekeni kando, najua nilikuwa mjinga. Mliowahi kukwama mahali kama hapa, niambieni: nianzie wapi, na nimlindeje Nekesa?