Imelewa, si Nimelewa

Njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo huu umetembea miaka tisa bila kuchoka: kwamba Bwana Tone alikuwa mlevi, na kwamba alikiri kwa mkono wake mwenyewe gazetini. Hakuwa mlevi. Hakukiri. Anayeandika haya alifua mashati yake miaka thelathini na mmoja, na anajua yalivyonukia.

Kwa muda mrefu alifanya kazi katika maabara ya maji ya mji. Ulimi wake ulitambua kutu ya bomba kabla mashine haijapata moto. Alipostaafu, mhariri wa gazeti la Jumamosi alimwomba aandike safu kuhusu wiski mpya na adimu. Akakubali kwa sharti moja: ataandika kwa Kiswahili chake, si kwa maneno ya kwenye lebo.

Alionja saa nne asubuhi, kwenye meza ya chumba cha mbele. Palikuwa na bilauri yenye tumbo na shingo nyembamba, maji ya kudondoshea tone moja ili harufu ifunguke (hapo ndipo alipopatia jina), na kopo la bati. Alinusa, akaonja, akasukutua, akatema. Kila mara alitema.

"Mama watoto, leo kitunguu kisikaangwe kabla ya saa saba."

"Haya," mkewe alijibu. "Basi na wewe pua yako ikushibishe mpaka saa kumi."

Wiski moja aliiandika kuwa inanukia chaki iliyolowa. Nyingine aliifananisha na mgeni anayevua viatu mlangoni halafu anakaa na kofia kichwani. Wasomaji walicheka, wakamwamini.

Ndipo mwagizaji wa vinywaji, mtu wa tai na tabasamu, alipoleta chupa ya wiski iliyokaa miaka arobaini ndani ya pipa la mbao. Bwana Tone aliionja asubuhi tatu mfululizo, na asubuhi zote tatu alikuta mbao tupu. Akaandika: "Imelewa pipa, haikumbuki tena kwamba ilikuwa shayiri."

Msahihishaji wa gazeti, kijana aliyefaulu sarufi vizuri mno, alisoma akatikisa kichwa. Kitu hakilewi, anayelewa ni mtu. Akaongeza herufi moja, kisha akaifanya sentensi kuwa kichwa cha habari: NIMELEWA PIPA.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa nayo. "Shemeji," jirani aliita kutoka ng'ambo ya ukuta, "pipa zima? Hata tone hukutubakizia?" Hilo alilicheka. Lakini dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alipiga simu na kusema, "Mdogo wangu, umeivua nguo familia," akakata. Bwana Tone alibaki ameshika simu. Mwagizaji naye alimwandikia mhariri kwamba hukumu ya mlevi ifutwe, na safu ifungwe.

Mhariri alijaribu kumtuliza. "Mzee, tutachapa masahihisho ukurasa wa kumi na nne."

"Kidonda kiko kichwani, dawa unanipaka kisiginoni?"

Akataka ajaribiwe hadharani, ofisini kwa gazeti, saa nne kamili. Mwagizaji amimine bilauri sita kwa siri, kila moja kipimo sawa. Yeye atambue kila moja ni wiski gani; akikosea, ataacha safu. Na dada yake awepo.

Dada alikuja, akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Mwagizaji alimimina nyuma ya pazia. Bwana Tone alivaa shati jeupe lililopigwa pasi barabara. Mkewe alilipiga pasi mara mbili. Alinusa, akaonja, akatema, akaandika. Alipofika ya tano alirudi ya pili.

"Bilauri ni sita, wiski ni tano," alisema. "Ya pili na ya tano zimetoka chupa moja. Ni ile iliyolewa pipa."

Mwagizaji alivua miwani, akaanza kuifuta ilhali ilikuwa safi. Mtego ulikuwa wake.

"Bado," alisema Bwana Tone, kwani mtu wa maabara haachi kazi nusu. Akamkabidhi mhariri kopo alilotemea na kikombe cha kupimia. Mhariri akamimina, akapima, akapima tena. Kilichotoka kilizidi kilichoingia.

"Imezidi!" alisema.

"Ni mate," Bwana Tone alieleza.

"Basi na mate yake mmeyapima," dada mtu alisema, akasimama. "Mlitaka na jasho?"

Msahihishaji alijongea, uso chini. "Shikamoo, mzee. Kumbe kitu kinaweza kulewa?"

"Marahaba. Kinaweza, mwanangu. Na mwaka huu usinisahihishe tena."

Jumamosi iliyofuata, ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile kubwa: IMELEWA, SI NIMELEWA. Safu iliendelea miaka sita, mpaka moyo wake uliposimama. Moyo, si ini, na cheti cha daktari kipo kwa anayetaka kukisoma.

Siku ile ile ya majaribio, dada alimfuata mdogo wake nyumbani, wakaingia jikoni, akazungumza naye mlango ukiwa wazi. Wengi wameuliza alimwomba radhi kwa maneno gani, na kwa nini walitoka wote wawili macho mekundu. Mjane alikuwa pale pale, akimenya vitunguu, akasikia kila neno. Hayasemi. Msimuulize tena.