Tuta la Dada Yangu

Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Dada yangu, ambaye tayari alikuwa mke wa mtu, alinichukua nikakae kwake, kwenye kijiji hiki cha delta ambako mto Rufiji unagawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini. Yeye ndiye aliyenifunza kupika, kusuka ukili na kuvuna mpunga. Kwa hiyo mtu akisema niligombana na dada, ajue niligombana na mama.

Shamba lake lilikuwa ukingoni kabisa mwa mkono wa mto unaopita kijijini. Yeye na shemeji walifyeka mikoko, wakachoma, wakapanda mpunga juu ya majivu. Miaka ile maji matamu yalikuja mengi upande wetu, na mpunga ulistawi hadi nikiinama ndani yake hakuna anayeniona. Watu wengine wakaja kufyeka nyuma yao. Baadaye mto ukaelekea zaidi kwenye mikono mingine, na kwetu maji chumvi yakaanza kupanda. Shemeji akajenga tuta la udongo kandokando ya mto ili kuzuia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nilikuwa binti mkubwa wakati huo. Nakumbuka uzito wa karai la tope kichwani na maji yake yakinichuruzika shingoni. Shemeji alipofariki akamwachia watoto, dada aliendelea kulitengeneza tuta lile peke yake, mwaka baada ya mwaka, kwa jembe na mikono.

Majirani wa nyuma waliacha mashamba yao mmojammoja. Chumvi ilikuwa imetanda juu ya udongo, nyeupe, ukikanyaga inavunjika. Ukingo ulianza kumeguka mahali palipokosa mizizi. Kamba tuliokuwa tukiwachota kwa tandilo, wavu wetu mdogo wa wanawake, karibu na nyumba wakapotea, na kisima cha upande wa chini kikawa hakinyweki. Hapo ndipo kikaanzishwa kikundi cha kurudisha mikoko, na mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Katika mkutano wa kwanza tulikubaliana kupanda kwenye mashamba yaliyoachwa. Mwenyekiti alipouliza kuhusu shamba la mbele, watu wote walinitazama mimi. Dada alisimama mwenyewe.

"Langu halijaachwa," alisema. "Bado nalima."

"Bibi, mwaka jana ulivuna nini?" mwenyekiti akamuuliza, kwa adabu.

"Nilichovuna nilikula. Nyinyi pandeni. Miti ikishaota, kesho atakuja mtu wa serikali aseme hapa ni msitu, toka. Na mimi nitatoka niende wapi?"

Hofu ile wengi walikuwa nayo. Niliandika maneno yake kwenye daftari kama alivyoyasema. Jioni alinifuata nyumbani kwangu.

"Umeniandika?"

"Nimeandika kila mtu aliyesema, dada."

"Basi vizuri," akasema, akageuka. Tangu siku hiyo alikuwa ananiitikia salamu tu. Shikamoo, marahaba, anapita.

Kati ya aina za mikoko, tulipanda ule uitwao mkoko wenyewe. Bwana misitu kutoka Kibiti alikuja kutuonyesha nafasi kati ya mche na mche, akarudi kwake. Mbegu za mkoko ni rahisi kuokota, ndefu na za kijani kama mchi mwembamba, unachomeka tu kwenye tope. Tulikuwa wanawake wengi na wanaume wachache, tukaimba, tukapiga mistari iliyonyooka kwa kamba za minazi. Nilijivunia mistari ile kuliko nilivyojivunia daftari langu.

Haikuchukua miezi mitatu, karibu miche yote ilikauka. Iliyobaki ilikatwa na kaa. Tulirudia mara ya pili, ikafa vilevile. Watu wakaanza kutokuja kazini. Mmoja alisema kwamba ardhi imetukataa.

Asubuhi moja nilikwenda kuhesabu miche iliyo hai. Nikamkuta dada amechuchumaa katikati ya mistari yetu, ameng'oa mche mmoja mkavu na anautazama kwenye mizizi. Nilimwamkia. Aliitikia, lakini hakuondoka.

"Nani aliwaambia mpande mkoko hapa?" akauliza.

"Bwana misitu alituonyesha."

"Alikuja maji yakiwa yamejaa au yamekupwa?"

Nikafikiri. "Yamekupwa."

"Basi hakuona kitu." Akautupa ule mche. "Mkoko unataka tope linalolowa kila siku. Huku juu unaota mwenzake, mchu. Mimi nimeng'oa michu kwenye mpunga tangu wewe hujavunja ungo. Kabla ya tuta, nilikuwa nikiing'oa leo, bamvua likipita inaota mingine palepale. Mkoko sijapata kuung'oa huku hata siku moja, isipokuwa kule chini penye maji."

Miaka yote ile nilikuwa namwona anapalilia, wala sikuwahi kumuuliza anapalilia nini.

"Lakini hata mchu hautaota," akaendelea, sasa sauti yake imeshuka. "Tuta langu limezuia bamvua la kawaida. Bamvua kubwa linaruka tuta, linaingia, halina pa kutokea. Linakaukia humuhumu, linaacha chumvi yake. Angalia."

Nilitazama ile ardhi nyeupe, kisha nikatazama tuta. Yeye hakulitazama. Nilielewa amelijua jambo hilo muda mrefu.

"Dada," nikasema, "mimi siwezi kukuomba ulibomoe."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Tuliitisha mkutano. Kabla tuta halijabomolewa, dada alitaka jambo moja tu: iandikwe, mbele ya mwenyekiti na bwana misitu, kwamba kiwanja cha nyumba yake hakiguswi na kwamba yeye na wanawe watapita humo mikokoni kuokota kaa na kuni kavu bila kuulizwa. Niliandika. Bwana misitu alisoma, akakuna kichwa, akasema atalifikisha kwa wakubwa wake, kisha akatia sahihi. Baada ya hapo dada alimuuliza kama anaujua mchu. Akasema anaujua. Akamuuliza unazaa lini. Kijana wa watu akacheka, akakiri kwamba hana hakika.

Tuta tulilibomoa siku ya bamvua, maji yakiwa bado chini. Wanaume walikuja na majembe, lakini dada alisema jembe la kwanza ni lake. Alipiga mara tatu, akapumzika, akapiga tena. Udongo wa ndani ulikuwa mgumu, wa rangi ya samli, na humo mlikuwa na vipande vya makuti ambavyo shemeji alivishindilia. Dada aliokota kimoja, akakipangusa kwa kanga, akakiweka kando. Kisha akawaachia wanaume.

Maji yalipoanza kujaa, yaliingia taratibu, mkondo mwembamba kwanza, halafu yakajitanua yakafunika nyayo zetu. Yalikuwa na povu la kahawia na majani. Nilikuwa nimesimama karibu na dada. Alilia kidogo bila kujificha, nami nikamshika mkono, akaniachia niushike.

Michu iliota. Haikuota kwa mistari. Imeota inavyotaka, hapa kichaka, pale uwazi, na sisi tunajaziliza kwa mbegu tunazookota zikielea. Mingine sasa imenipita kimo. Kule chini penye tope tulirudisha mkoko, na huko umeshika. Ukingo wa upande wa msikiti bado unameguka, hatujaupatia dawa. Kisima hakijarudi kama zamani. Kamba wadogo tumeanza kuwaona kati ya mizizi, na mwaka huu tandilo langu la zamani limepata kazi.

Dada halimi tena hapa. Msimu wa mpunga ukifika anapanda boti na basi, anakwenda Chumbi kwa shangazi yetu, ambako amepewa kipande, na anarudi na gunia lake akilalamika kuhusu ndege wa huko. Karibuni watu wa kijiji cha ng'ambo waliomba mtu wa kuwaonyesha mahali pa kupanda. Bwana misitu aliwaambia wamchukue yeye. Alikwenda siku mbili. Aliporudi nilimuuliza imekuwaje.

"Wanasikia," alisema, akivua viatu vyenye tope mlangoni kwangu. "Ila chai yao haina tangawizi. Umepika?"