Whisky Niliyompelekea Baba Mukwe Imemlaza Hospitali

Admin, nifiche vizuri, maana mimi nikipiga chafya hapa soko la Rumonge, Kigwena wananipa pole. Nina miaka thelathini na moja, nauza mawese, na mnisamehe kujisifu kidogo: mimi ni mtu wa bahati. Toka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, nionyesheni mwingine aliyeonja whisky ya Scotland, ile ya shayiri tupu, iliyolala ndani ya pipa miaka thelathini, kali karibu asilimia sitini. Mimi nimeionja mbele ya watu, na nikabaki nimesimama wima.

Shule niliishia darasa la sita, tukiwa wakimbizi Tanzania, lakini dunia naijua. Chupa ile nilipewa zawadi na mteja wangu wa Bujumbura. Nikaitunza kwa siku ya kwenda kwa wazazi wa mchumba wangu, Kigwena. Nilitangaza kila kona: wengine wanapeleka kreti za bia, mimi napeleka kinywaji rika langu!

Jumamosi tukafika. Kwetu mnajua, anayetoa kinywaji anaonja kwanza, wenyeji waone hakuna sumu. Nikamimina kidogo kwenye glasi, nikaipeleka mdomoni, nikafumba macho kama padri, nikapangusa midomo. Watu wakapiga makofi.

"Mukwe, hiyo iko kali?" akauliza shangazi wa mchumba.

"Shangazi, kwangu iko kama maziwa ya mutoto."

"Basi ilete hapa," akasema baba mukwe. "Mimi siyo mutoto, lakini maziwa napenda."

Wote wakacheka. Huyu mzee ni mtu wa pombe ya mtama, anatembea na mrija wake mfukoni. Mteja alishaniambia kwamba whisky ya nguvu ile inanywewa kidogo kidogo na tone la maji, lakini nilinyamaza, nisiharibu sifa. Mzee akajaza kikombe, akatumbukiza mrija, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akapumua, akavuta tena. "Huyu mukwe ananipenda!" akasema, machozi yanamtoka. Wengine walibaki na bia zao, wakamwachia mzee zawadi yake.

Asubuhi mchumba akanipigia simu analia. Baba anatapika, anahema kama amekimbizwa, na anasema mbele yake kuna ukungu, hata mkono wake hauoni. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akanivuta pembeni.

"Wewe ndiye uliyeonja kwanza?"

"Ndiyo, dokta."

"Ulikunywa kweli?"

"Nilikunywa."

"Na macho yako?"

"Dokta, mimi kutoka hapa naona milima ya Kongo."

Hata pale nikatania, jamani. Akatikisa kichwa, akasema basi kinywaji hakina shida, watafute kitu kingine, labda malaria, labda sukari. Toka hapo wanatafuta, na mzee anazidi kuzama. Mchumba akanishika mkono: "Afadhali na wewe ulikunywa. Kaka zangu walishaanza kukuangalia vibaya."

Sasa nimekaa nje ya wodi, nawaandikia kwenye simu. Nimekumbuka kizibo cha chupa ile: nilipokigusa kilizunguka chenyewe, kama kilishafunguliwa na mtu mwingine. Mteja nampigia, hapokei. Sijui kama ni whisky ya kweli, au kuna mtu alijaza spiriti yake ya sumu humo ndani. Nikisema ukweli, ndoa imekufa, na wale kaka wanne wa nguvu, wavuvi, wataniita muuaji hapa hapa mlangoni. Nikinyamaza, daktari ataendelea kutibu malaria, na mzee anaweza kupofuka au kufa. Ni mzee mwema, alianza kuniita mwanangu kabla sijaleta chochote.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, nishaurini, nifanye nini, na msichelewe, maana daktari anarudi sasa hivi. Kwa sababu mimi ile whisky sikuionja. Harufu ilinipanda puani, nikaogopa kukohoa mbele ya wakwe, nikabana midomo. Hata tone moja halikuingia.