Pistoni ya Nne ya Marehemu

Nimekuwa fundi Kisumu miaka ishirini, na aibu hii nilijitakia mwenyewe. Mama Akinyi alileta pikapu ya marehemu mumewe kutoka Pap Onditi, injini imejaa matope ya mafuriko. Niliitoa injini, nikaipindua, nikapapasa matopeni kufungua nati mbili zinazoshika kila pistoni kwa chini, nikagonga kwa ubao na nyundo. Tatu zikatoka. Ya nne niliipiga siku mbili, yeye ameketi kwenye ndoo akinitazama.

Badala ya kuangalia tena, nikamwambia, "Mama, mzee ameishikilia. Kuna jambo hamkumaliza?"

Nilitaka tu kuficha aibu yangu. Yeye akapiga magoti kwenye oili, mbele ya mafundi wote. "Baba Akinyi, nisamehe. Uliponiita hospitali nilikataa kuja. Nilikuwa na hasira."

Akaanza kuipangusa injini kwa leso yake, polepole, kama anayeosha maiti. Matope yakabanduka.

Mkono wake ukasimama. "Fundi," akasema, bado amepiga magoti, "kwa zile tatu ulifungua nati mbili. Mbona hapa hukufungua?"