Hesabu Yangu ya Viini

Mpaka leo nikipita Kitale mbele ya ule ukumbi, hasira hunipanda upya.

Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia shule moja ya wasichana karibu na Sirisia, huku nikisomea shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu doti ya kwanta, chembe ya fuwele isiyoonekana kwa macho, ambayo unaweza kufungia elektroni moja ndani yake. Elektroni hiyo hubeba habari, lakini huipoteza upesi. Viini vya atomi za fuwele havina haraka hiyo. Kila kimoja kina spini, kama sumaku ndogo, na habari ikihamishiwa humo hukaa muda mrefu zaidi. Mimi nilitafuta njia ya kuihamisha na kuirudisha. Miaka miwili nilikokotoa kwenye chumba cha walimu baada ya vipindi, wenzangu wakinicheka ati natengeneza bomu.

Nilimtumia msimamizi wangu sura nzima ya tasnifu. Miezi ikapita bila jibu. Kisha nikasikia atazungumza kwenye semina Kitale, nikaenda, nikakaa nyuma. Picha ya pili aliyoonyesha ukutani ilikuwa mchoro wangu, hata lile kosa la herufi nililosahau kurekebisha lilikuwepo. Chini yake, jina lake peke yake.

Maswali yalipofika nikasimama. "Daktari, kwa nini ni lazima viini vielekezwe upande mmoja kwanza?"

Akakohoa. "Hilo ni jambo dogo, madam. Tutaongea baadaye."

"Si dogo. Visipoelekezwa, vinaivuruga elektroni na habari inapotea. Nimeeleza kwenye ukurasa unaofuata. Huo mchoro ni wangu."

Mwenyekiti wa kikao akaniambia nikae, nisimwaibishe mgeni. Nisimwaibishe! Niliyeibiwa ndiye niliyekosa adabu. Sikukaa. Nilifungua kompyuta, nikaonyesha barua pepe niliyomtumia. Wengi walitazama pembeni. Mhadhiri mmoja mwanamke, nisiyemjua, alikuja akasoma akiwa amesimama.

"Mchoro ni wa huyu dada," akawaambia.

Nje msimamizi akanifuata. "Si ungeniambia tu polepole, bana. Ningekuweka jina la pili."

Jina la pili, kwa kazi yangu! Nilimwambia asinisemeshe tena.

Chuo kilinipa msimamizi mwingine. Yule wa kwanza alipewa barua ya onyo, na bado anafundisha. Shahada niliipata, mwaka mzima nyuma ya niliosoma nao. Hajaniomba msamaha hata siku moja.