Mupinzani Asiyeanguka kwa Heshima

Lambert mwenyewe hakupigana ngumi hata siku moja. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha Shituru, hapa kwetu Likasi, bibi yake wa ndoa alikuwa amekufa, watoto hawakupata. Mudogo wake Casimir ndiye alikuwa bingwa wa ngumi wa jimbo nzima la Shaba, na Lambert ndiye alimutafutia wa kupigana naye.

Sisi majirani tulizani ni kazi nyepesi. Lakini Casimir alikuwa anakaribia miaka makumi ine. Wa rika lake walihamia Kolwezi, wengine walinenepa, wengine Mungu amekwisha kuwaita. Walibaki vijana, na vijana walikuwa wamekomaa wakisikia jina lake. Walipanda ulingoni, wakapokea ngumi mbili, wakalala chini polepole, kama mama anaweka mutoto kitandani. Watu walipiga makofi. Casimir alirudi nyumbani bila kuwapungia mukono.

Siku moja kijana alianguka hata ngumi haijamufikia. Casimir akamuuliza mukubwa wake:

"Yaya, huyu ulimuokota wapi? Sokoni Kikula, katikati ya mihogo?"

Lambert akacheka. Mudogo wake hakucheka.

"Minye nataka kuacha ngumi. Lakini siachi mbele ya mutu mwenye kuanguka kwa heshima. Niletee mumoja tu, mwenye atanipiga kweli."

Tangu hapo Lambert hakupumzika. Akiona mwanaume amebeba gunia, anatazama miguu kwanza, sababu mabega yanadanganya. Anamuuliza anakula nini, anakunywa kiasi gani, anakasirika upesi ao hapana. Mwenye hasira alimuacha. Mwenye kumuinamia alimuacha pia. Jioni alipika bukari, ule ugali wetu, peke yake, akakula akitazama mulango. Mara zingine nilimupelekea mboga. Alishukuru, kisha akauliza kama kanisani kwetu hakuna kijana mukorofi.

Mutu wake alimupata kule Mwadingusha, kwa wavuvi wa muto Lufira. Kijana aliitwa Mumba. Lambert alimuambia atapigana na bingwa, na yeye akauliza tu: "Ule muzee iko na miaka ngapi?" Lambert alirudi juu ya lori la samaki akiimba.

Jumamosi Mumba akafika Likasi. Kwa adabu alikwenda kwanza kumusalimia Casimir, akamutolea furushi la samaki wakavu.

"Baba amenituma nikusalimie, majina. Minye pia ni Casimir. Alikuona unashinda mwaka ule nilizaliwa, akanipa jina lako."

Majina, ndivyo tunamuita mwenye kuitwa sawa na weye. Kwetu mutu huyo ni weye mwenyewe: unamupakulia chakula wa kwanza, na ukimupiga umejipiga. Lambert aliuliza chakula, pombe na hasira, jina la batizo hakuliuliza. Serikali ilikuwa imekataza majina ya batizo, na miaka ile vijana waliyaacha mulangoni mwa kanisa, wakaitwa ya mababu tu.

Casimir alikamata mikono ya kijana, akaigeuza, akaitazama.

"Weye ungenipiga kweli?"

"Kweli kabisa, majina. Nilikuja kukuangusha."

Casimir akatabasamu. Akamugeukia Lambert, aliyekuwa amesimama pale ameinamisha kichwa.

"Yaya, safari hii ulichagua vizuri."

Kesho yake, misa ilipokwisha, watu walijaa kungojea pambano. Waliona bingwa anamuvalisha kijana glovu zake mwenyewe, anamukumbatia, anashuka ulingoni. Walizomea sana. Hakupigana tena.

Mwaka haukuisha, Casimir akahamia Mwadingusha, kwa jamaa ya majina yake, kuvua samaki. Alimuita kaka yake wafuatane. Lambert alisema kiwanda hakitamuachilia, na kaburi la bibi yake liko huku.

Jumapili moja nilimukuta Lambert sokoni Kikula amesimama, anatazama miguu ya mubeba makaa. Nilimuuliza anamutafutia nani. Aliondoa macho kwenye miguu ile.

"Hakuna, Mama. Ni macho tu yamezoea."

Nikamualika kwetu akule. Alikuja, akakaa karibu na mulango.